Kopo la Buluu na Kibali cha Keyonna

Benchi letu liko nje ya saluni ya Vernell, mtaa wa tatu kutoka geti la karakana ya meli za kivita, hapa Portsmouth, Virginia. Zamani lilikuwa benchi la kanisa. Kanisa lilipoleta viti vyenye sponji, hili likatupwa uani, nasi tukalibeba watu wanne mpaka hapa, na mguu wake ulipovunjika mjukuu wangu Keyonna akauchomelea vyuma, enzi hizo bado anajifunza kazi. Halijatikisika tangu siku ile. Kila asubuhi, wafanyakazi wakishaingia getini, natoka na chupa yangu kubwa ya kahawa na kikapu cha vikeki vya siagi, nakaa upande wa kushoto, maana goti langu la kulia halipendi kubanwa na ukuta. Wenzangu wanafika kama kunguru waliosikia sahani. Mimi shule niliiacha darasa la sita, nikafua mashuka ya hospitali miaka thelathini na moja, lakini nimekaa hapa muda wa kutosha kujua kwamba hakuna swali duniani ambalo hawa watu hawana jibu lake. Lilikuwepo moja tu, na ndilo nitakalowasimulia.

Roscoe Tynes tunamwita Jaji. Sheria hakusoma. Aliwahi kuitwa kukaa na wazee wa baraza mahakamani, kesi ikaahirishwa kabla ya chakula cha mchana, na tangu hapo hajawahi kushindwa kutoa hukumu. Cleotis Boone tunamwita Bolti, fundi mabomba mstaafu, miaka thelathini na nne ndani ya geti lile, na mpaka leo ukimuuliza alikuwa anatengeneza nini humo atakwambia mabomba, halafu atakuomba sukari. Vernell mwenyewe ni Antena. Mikono yake inasuka kichwa cha mteja ndani, mlango uko wazi, na masikio yako huku nje kwetu. Mimi ni Odessa Whitfield, wao wananiita Mama Dess.

Keyonna nilimlea mimi na marehemu babu yake, Lemuel. Sasa ana miaka ishirini na mitatu, na amepata kazi ya kuchomelea nyambizi kwenye karakana ileile ambayo Lemuel aliifagia maisha yake yote akitamani angalau siku moja ashike moto badala ya ufagio. Ila kazi hiyo huianzi mpaka serikali kuu ikupe kibali cha usalama, maana yake imekuamini kwamba ukiona jambo la siri utalifunga mdomoni. Na fomu ya kibali, jamani, ni ndefu kama kitabu cha Hesabu katika Biblia, na inauliza karibu mambo yaleyale: umezaliwa na nani, umekaa wapi, na jirani yako nani.

Asubuhi moja alikuja benchi na hiyo fomu mkononi, ameichapisha apate kuisoma vizuri kabla ya kuituma.

— Nahitaji majina ya watu wanaonifahamu, akasema. Na kabla hamjakubali, mjue nimejibu nini. Wameuliza kama nimetumia bangi ndani ya miaka saba. Nimejibu ndiyo. Nilikula mara tatu, mwezi ule babu alipofariki. Mkija kuulizwa, semeni mnachokijua. Msiongeze, msipunguze.

Akanibusu shavuni, akaenda zake. Kahawa ilikuwa haijapoa hata kidogo.

Jaji ndiye aliyeanza. Alisema mtoto amejipeleka mwenyewe kizimbani bila hata kuitwa. Alitaka afutiwe lile neno ndiyo siku hiyohiyo, na kalamu alikuwa nayo mfukoni.

— Kwani kuna aliyemwona? Hakuna. Basi haikutokea. Mahakamani ndivyo tunavyokwenda.

— Mahakamani ulikaa siku ngapi, Jaji? akauliza Antena kutoka ndani.

— Siku si hoja.

— Nusu siku. Na ukarudi unalalamika njaa.

Jaji hakuyumba. Alitueleza kwamba Virginia inamruhusu mtu mzima kuwa na bangi yake nyumbani, hata miche minne anaweza kuipanda uani, na ni serikali kuu kule Washington ndiyo isiyotaka. Kwa hiyo, kwa hukumu yake, aliyekula amekaa sebuleni yuko Virginia, hana neno. Shida ni yule aliyetafunia barazani kwake halafu akameza akiwa ameshaingia ofisi ya posta, kwa sababu posta ni ya serikali kuu. Tukabishana kuhusu ofisi ya posta asubuhi nzima. Bolti akauliza, na aliyetemea nje ya posta je? Jaji akafikiri sana, akasema huyo kesi yake haiwezi kuamuliwa bila wale majaji tisa wa mahakama kuu ya Washington.

Kesho yake Antena akatoka na nadharia yake. Alisema fomu ni geresha tu, watu wa serikali wanasoma nywele. Unywele unakumbuka kila kitu ulichokula. Na sasa ameelewa kwa nini mwanamume mmoja mpole alipita mwaka jana akajitolea kumchukulia takataka za saluni bure. Tukamwambia yule alikuwa anatengeneza mbolea. Akasema hivyo ndivyo wanavyosema wote. Halafu akapata wazo lililomtoa jasho: Keyonna amesukwa nywele za kuunganisha, zimetoka ng'ambo, hatujui kichwa cha nani. Wakizipima si watakuta alichokula mwanamke wa huko mbali? Mtoto wetu atafungwa kwa karamu ya mtu asiyemjua.

Bolti alicheka mpaka kahawa ikamwagika, halafu akaleta yake, mbaya zaidi. Alisema wanapima maji machafu. Kila nyumba bomba lake linajulikana, yeye ni fundi, asidanganywe. Wakitaka kujua nyumba ya Mama Dess imekula nini Jumapili, wanafungua mfuniko barabarani. Nawaambieni ukweli, Jaji alikwenda kujisaidia kwa dada yake siku mbili mfululizo.

Lakini Bolti huyohuyo alisema kitu kingine asubuhi ile, kwa sauti ya chini, na hakuna aliyemsikiliza isipokuwa mimi.

— Hawaogopi jani, alisema. Mimi walinichunguza mara tano. Wanachoogopa ni siri. Ukiwa na kitu unakificha, kuna siku mtu atakishika na kukwambia, nipe michoro ya meli au nitasema. Huyo ndiye wanayemtafuta, mtu anayeweza kubanwa.

Jaji alimwomba asituharibie mazungumzo.

Jioni Keyonna alipopita, Jaji alimwita akampa kalamu kwa heshima zote. Keyonna aliitazama kalamu, akamrudishia.

— Mzee Roscoe, bangi ya miaka miwili iliyopita wanaweza kuisamehe. Uongo wa leo hawausamehi. Na mimi mwenyewe sitaki kuanza kazi nao.

Akaituma fomu usiku uleule.

Sasa niwaambie ambalo benchi halikulijua. Jikoni kwangu kulikuwa na makopo mawili ya vikeki vya siagi. La jekundu lilikuwa la watu wote, kanisani na benchini. La buluu lilikuwa la magoti yangu. Mche mmoja uani, katikati ya mboga, na siagi niliyoichemsha taratibu na majani yake, kama alivyonielekeza mpwa wangu wa Maryland. Kipande kidogo baada ya chakula, na goti linaniruhusu kupanda ngazi. Sikumwambia mtu. Mimi ni mama wa kanisa. Jumapili ya kwanza ya mwezi nakaa mbele kabisa, nguo nyeupe, kofia nyeupe, glavu nyeupe, na mabinti wanaotafuna ubani wananiona wanameza.

Lemuel alipofariki, Keyonna hakupata usingizi siku kumi na moja. Alikuwa anazunguka nyumba anagusa vitu vyake, miwani, fimbo, kofia. Siku ya kumi na mbili nilifungua kopo la buluu nikamkatia nusu. Alijua ni nini, nilimwambia. Akalala. Nikampa tena mara mbili. Basi. Ni mimi niliyempa, kwa mkono huu.

Alipohojiwa na mchunguzi, Keyonna alieleza yote, siku na sababu. Alipoulizwa nani alimpa, akasema ni jamaa, na jina halitaji. Aliporudi nyumbani aliniambia hivyo huku anavua viatu, kama mtu anayesema mvua imenyesha.

— Mtaje, nikamwambia. Nitaje mimi.

— Halafu Jumapili utakaa wapi, Bibi?

— Nitakaa nitakapokaa.

— Mama yule mchunguzi amesema nifikirie. Nimeshafikiria. Wataninyima au watanipa, lakini jina lako haliingii kwenye karatasi za serikali kwa mdomo wangu.

Akaenda kuoga. Mimi nikabaki nimeliangalia kopo. Siku aliyotia sahihi karatasi ya kuahidi kwamba hataigusa tena bangi maisha yake, na kwamba akivunja ahadi kibali kinaondoka, niling'oa ule mche na siagi nikaimwaga. Kopo lilikuwa tupu. Lakini lilikuwa limekaa pale juu ya kabati kama linanisubiri niseme kitu, na sikusema. Niliogopa. Mtu wa miaka sabini na sita, niliogopa macho ya watu wa kiti cha pili kanisani.

Benchi nalo, kwa kuwa lilikuwa limemaliza nywele na mabomba, likahamia kwenye swali la nani alimpa mtoto bangi. Mimi nikawa namimina kahawa na kusikiliza jinsi wanavyonitafuta.

Jaji alimhukumu yule kijana wa gari la njano aliyewahi kumchukua Keyonna sinema. Ushahidi wake ni kwamba gari lilikuwa la njano. Antena alisema hapana, ni chakula cha msibani. Alikumbuka saladi ya viazi ya shemasi Purnell, ilikuwa na vitu vya kijani visivyoelezeka, na watu watatu walisinzia wakati wa hotuba. Nikamwambia ile hotuba ingemlaza hata farasi. Akaniambia, Mama Dess, wewe moyo wako mweupe, huyajui mambo ya dunia.

Nikamwongezea kahawa.

Bolti alikwenda mbali kuliko wote. Kwake yeye ni jasusi. Jasusi wa nchi kubwa, amekaa mtaani kwetu miaka mingi, amejifanya mtu mwema, kila mtu anampenda, akisubiri binti mmoja afiwe na babu. Hatumdhanii kabisa. Anatusalimia kila siku, huenda hata anatulisha.

— Kweli kabisa, akasema Jaji, akachukua kikeki kingine kwenye kikapu changu.

Walikubaliana pia jambo moja la kijinga, na lilitaka kuharibu kila kitu. Mtaani kwetu tuna desturi: mgeni mwenye faili kwapani haambiwi kitu. Akiuliza njia, hatuijui. Akiuliza saa, tunamwonyesha jua. Desturi hiyo imetoka kwa wazazi wetu, wakati watu wenye faili walipokuwa hawaji mitaa ya watu weusi kwa heri, na mwenye umri wangu hahitaji kuelezwa. Basi Jaji akatuapisha kwamba mchunguzi akija, hakuna anayemjua Keyonna. Hatumjui, hatujamsikia. Aliamini kabisa anamlinda mtoto.

Alikuja Alhamisi, saa nne asubuhi. Mwanamke mfupi, viatu vya kutembelea, miwani imening'inia kifuani kwa uzi. Akatuonyesha kitambulisho, akajitaja kuwa Bi. Garrity, akaeleza kwa adabu kwamba kila anayeomba kibali majirani zake huulizwa, na kwamba angependa azungumze nasi mmoja mmoja pembeni.

— Pembeni hatuna, mama, Jaji akamwambia. Hili ni benchi. La mmoja ni la wote.

— Sawa. Mnamfahamu Keyonna Whitfield?

— Nani?

Alisema hivyo huku juu ya kichwa chake, kwenye kioo cha saluni, pamebandikwa picha ya Keyonna amevaa kofia ya kuchomelea, na chini yake Antena ameandika kwa rangi ya waridi, HONGERA KEYONNA WETU. Bi. Garrity aliivaa miwani, akasoma, akaivua.

— Huyo hapo, akasema.

— Aa. Huyo hatumjui vizuri.

Antena akatoka na kitana mkononi, mteja wake amebaki ndani nusu kichwa kimesukwa, akasema hiyo picha ilikuja na kioo. Bi. Garrity akafungua daftari lake. Hakukasirika. Aliandika tu, na mimi nikaona jinsi anavyoandika, neno moja, mstari mrefu chini yake. Mtaa mzima umemkana binti aliyezaliwa humo. Ni nani atamwamini mtu wa namna hiyo na nyambizi?

Bolti ndiye aliyetuokoa. Aliweka kikombe chini.

— Roscoe, inuka.

— Niinuke niende wapi?

— Inuka tu, bwana.

Jaji akainuka. Bolti akaugonga mguu wa benchi kwa fimbo yake, ukalia kama kengele.

— Mama, akamwambia Bi. Garrity, huyu bwana amekaa miaka mitatu juu ya chuma alichokichomelea huyo binti, sasa anasema hamjui. Usimwandike vibaya. Anaogopa faili lako, na ana sababu zake. Andika Cleotis Boone. Mimi namjua Keyonna tangu anasukumwa kwenye kigari cha mtoto. Uliza unachotaka.

Baada ya hapo ilikuwa kama mfereji uliozibuliwa. Walimwaga kila kitu. Bolti alieleza jinsi Keyonna alivyomchomelea mjane wa jirani vyuma vya kushikia kwenye ngazi, akakagua kazi yake mara mbili, akaikata, akaianza upya kwa sababu ya tundu dogo ambalo hakuna jicho lingeliona. Antena alieleza kwamba katika miaka yote hajawahi kumsikia akisema la mtu, na kwamba hilo kwake limekuwa hasara kubwa. Jaji alikaa tena, akasafisha koo, akaeleza kuhusu ile kalamu aliyorudishiwa na Keyonna. Alijishtaki mwenyewe, masikini, kwa sauti ya mahakamani, na sidhani aliona kwamba anajishtaki.

— Alitwambia yeye mwenyewe kuhusu bangi, akamaliza. Amesimama hapohapo uliposimama. Aliila mara tatu, babu yake alipofariki. Mtaa mzima unajua. Tumelijadili hilo jambo mpaka tumelimaliza.

Bi. Garrity alimwangalia, akatuangalia sote, kalamu iko juu ya daftari.

— Kama mmelimaliza, alisema, hiyo bangi aliipata wapi?

Nimekaa kwenye benchi lile miaka na miaka, na sijawahi kusikia likinyamaza. Jaji aligusa kalamu yake mfukoni. Nadhani kijana wa gari la njano alionekana mdogo sana pale mbele ya daftari. Antena alikiangalia kitana chake. Bolti aliangalia barabara kama anatafuta yule jasusi. Hakuna aliyejua. Watu wanaojua posta inaanzia wapi na bomba linaishia wapi, hawakuwa na neno.

Mapajani mwangu nilikuwa na kikapu cha vikeki. Nilikifunika na leso, sijui kwa nini, nikakifunua tena.

— Kwangu, nikasema.

Walidhani sikusikia swali. Antena akanishika bega, akasema, Mama Dess, anauliza ile bangi.

— Nimesikia. Ilikuwa kwenye vikeki, nilivipika mimi. Siagi ya mche wangu, kopo la buluu, kwa ajili ya magoti. Mtoto alikuwa hapati usingizi, nikamkatia nusu mara tatu. Hakutaja ni nani kwa sababu huyo mwenyewe ni mama wa kanisa, na alitaka nibaki na kofia yangu. Sasa andika. Odessa Whitfield. Odessa, S mbili.

Aliandika. Akaniuliza kama bado ninavyo nyumbani. Nikamwambia mche niliung'oa na siagi niliimwaga siku ileile aliyotia sahihi, na kama hanisadiki aulize magoti yangu. Akauliza kama Keyonna amewahi kuniomba nifiche. Nikasema hapana, aliniomba ninyamaze juu yangu, si juu yake, na hata hilo hakuliomba kwa maneno.

— Na nani mwingine anajua kwamba ni wewe?

— Dakika tano zilizopita, hakuna. Kuanzia sasa, muulize huyo.

Nikamwonyesha Antena, ambaye simu ilikuwa tayari mkononi.

Bi. Garrity alishika midomo yake isicheke, namna walimu wanavyofanya. Akaandika kitu kirefu, mistari mitatu au minne, Bolti akainama kidogo kuchungulia, halafu akajiegemeza nyuma kama mtu aliyeona bomba halivuji.

— Mtoto hana wa kumbana tena, akaniambia pole pole. Imeisha hiyo.

Mchunguzi alikubali kahawa, nusu kikombe. Kikeki alikikataa kwa upole sana. Alipoondoka, benchi lilikaa likinitazama. Nilijua Jaji atatoa hukumu, nikajiandaa.

— Mama Dess, akasema. Hivi tunavyokula kila siku ni vya kopo gani?

— La jekundu, Roscoe. Tangu mwanzo. Sijawahi kumlisha mtu asichokijua.

Akakigeuza kikeki chake, akakitazama pande zote.

— Nilikuwa nauliza tu, akasema, na niliona amesikitika.

Jioni Keyonna alijua kabla hajafika mlangoni. Alisimama jikoni, mabuti miguuni, akataka kunikasirikia, akashindwa, akakaa chini sakafuni akaweka kichwa kwenye goti langu, lile zima.

Jumapili ya kwanza ilipofika nilivaa nyeupe yangu yote, nikaenda nikakaa mbele. Nilisubiri wanong'one mgongoni mwangu. Walinong'ona kweli. Ibada ilipokwisha, mama wa kiti cha pili alinivuta nyuma ya mlango, akatazama huku na huku, akaniuliza ile siagi inachemshwa kwa muda gani. Nikamwambia sipiki tena. Wa kiti cha tatu alikuwa anasubiri zamu yake.

Ilichukua miezi mitatu na siku kadhaa. Kibali kilitoka. Alikuja kutuonyesha kitambulisho chake, tukakipitisha mkono kwa mkono kama mtoto mchanga, na nilipokipokea mimi nilikishika kidogo zaidi, kwa niaba ya Lemuel. Siku ya kwanza ya kazi alitoka getini jioni amekigeuza kifuani, upande wa picha umeelekea ndani, kama wafanyavyo watu wa humo. Bolti aliona hilo kabla yetu, akamsogezea nafasi kwenye benchi.

— Haya mwanangu, Jaji akamwambia, tuambie. Leo umechomelea nini?

— Chuma, Mzee Roscoe.

— Chuma cha wapi?

— Cha kazini.

Akaomba sukari. Bolti akamsogezea. Jaji alisubiri, halafu akatuambia kwamba ni wazi kabisa ni nyambizi inayoweza kuruka, na Antena akasema alijua, ameziona kwenye ndoto, zina mabawa ya kukunja. Bolti alikunywa kahawa yake.

Nilisubiri mpaka tumefika nyumbani, tumebaki wawili, mlango umefungwa. Alikuwa anapakua mboga. Juu ya kabati lile kopo la buluu bado liko, sasa natilia vifungo. Nikamsogelea, nikashusha sauti.

— Mimi ni bibi yako, nikamwambia. Umechomelea nini?

Keyonna aliliangalia kopo, akaniangalia mimi, akaniwekea sahani yangu mezani.

— Bibi, akasema, wewe siri ya kopo moja tu imekushinda.